Kwako Ratili, Uliyeandika "Haikupimwa"

Mwaka umetimia leo, mwanangu, tangu ndege yenu ilipopiga mkia chini, hatua mia mbili kabla ya kuifikia lami ya uwanja. Ilikuwa saa tisa na robo alasiri, jua limewaka, upepo hakuna, siku ambayo hata rubani mwanafunzi angetua salama. Ndani mlikuwa na majeruhi thelathini na mmoja mliowatoa mstari wa mbele, pamoja na nyinyi wahudumu watano. Tisa hamkutoka. Wewe ulikuwa mmoja wa hao tisa. Ulikuwa na miaka thelathini na minne.

Sitasema ulilala. Hukulala. Ulikufa umesimama, unafanya kazi, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka lijulikane.

Ulizaliwa na mkaguzi wa mizani, na hukuwa na nafasi ya kuchagua mama mwingine. Watoto wa majirani walichezea vifuniko vya chupa; wewe ulichezea mawe yangu ya shaba ya kupimia, ukayapanga kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba. Ulipokuwa na miaka saba ulimwambia muuza sukari wa mtaa wetu, mbele ya wateja wake, "Mzee, mizani yako inalala upande." Muuza sukari akanitazama mimi. Mimi nikaitazama mizani. Ilikuwa inalala upande. Kuanzia siku ile mtaa mzima ukakuita Ratili, na jina lako halisi likabaki kwenye cheti cha kuzaliwa, huko huko lilipo hadi leo.

Ukakua, ukawa mtu wa kupima. Unga wa mkate uliupima. Dawa ya kikohozi ya mwanao uliipima kwa bomba la sindano, ukakataa kijiko. "Kijiko ni maoni tu, mama," uliniambia. Mwaka wa kwanza wa ndoa yenu mkeo alikuja kunishtaki, mikono kiunoni: "Mama, huyu mwanao anapima hata majani ya chai!" Nikamwambia ashukuru hujaanza kupima maneno yake. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Wakati huo mimi na mkeo tulikuwa watu wa kucheka pamoja.

Baba yako alipopata kiharusi, ulikuwa ukitumia kila likizo yako kumhudumia. Ulimwogesha, ukamnyoa, kisha ukambeba mikononi na kupanda naye kwenye mizani ya bafuni. Ukisoma namba, unatoa uzito wako, unamwambia: "Baba, umepungua kilo moja. Nani anakula chakula chako?" Naye, ambaye maneno yalikuwa yamemwisha karibu yote, alikuwa akininyooshea mimi kidole. Huo ndio ulikuwa utani wenu, haukuchakaa. Sasa tunampima kwa macho. Amepungua. Hatujui kiasi gani.

Kazi yako jeshini haikuwa kurusha ndege wala kurusha risasi. Ulikuwa msimamizi wa mzigo. Uliwahi kunieleza pale mezani, kwa rula uliyoilaza juu ya kikombe: ndege nayo ni mizani. Ukizidisha mzigo mkiani, pua inataka kwenda juu. Angani, ikiwa na mwendo, rubani anaweza kuishikilia. Balaa huja wakati wa kutua, mwendo unapopungua, mkia unapokumbuka uzito wake. Ukaweka kifungo cha shati upande mmoja wa rula, rula ikaanguka. "Kifungo kimoja, mama," ulisema. Nilikuelewa. Nina stashahada ya vipimo na miaka ishirini na sita ya kukagua mizani za watu. Nilikuelewa vizuri kuliko nilivyotaka.

Siku ile nimeikusanya kipande kipande kutoka kwa waliokuwepo.

Mlitua kwenye uwanja wa mbele kabla ya saa sita mchana, mabomu yakianguka karibu. Kanuni yenu ilikuwa wazi: wanaopanda ni majeruhi peke yao, kila mmoja na kadi yake yenye uzito wake. Mifuko ya vitu vya waliouawa husafirishwa baadaye kwa lori. Lakini kikosi kile kilikuwa kimepoteza watu ishirini na wawili wiki hiyo, na majeruhi walikuwa wameapiana kwamba mifuko ya wenzao hawaiachi. Walikuja nayo vifuani, magotini, chini ya machela. Lori walilijua, mara mbili lilikuwa limechomwa njiani.

Rubani wenu, ambaye yu hai na sasa anatembea na fimbo, alinisimulia yeye mwenyewe. Alikupigia kelele, "Ratili, funga mlango!"

"Bado mifuko, afande."

"Achana na mifuko!"

"Ni ya marehemu, afande. Hawa hawapandi bila hiyo. Wanashuka."

"Basi itupie ndani twende, tutakufa hapa!"

Mbele kulikuwa kumejaa machela. Ukaipanga mifuko mkiani. Mizani ya uwanja ilikuwa ghalani, hatua mia moja kutoka pale, na ghala lilikuwa limeanza kuwaka. Hukupima.

Yaani wewe, ambaye kwako kijiko kilikuwa maoni tu, siku hiyo ulikadiria kwa jicho.

Mimi saa hiyo nilikuwa hospitali kuu, ghorofa ya chini, nikikagua mizani ya watoto wachanga. Nikasikia magari ya wagonjwa yakiingia moja baada ya jingine. Niliwaona wakiteremshwa, wamejaa tope na povu jeupe la kuzimia moto. Nilisogea kando kupisha machela. Nikarudi nikamalizia mizani, nikabandika muhuri. Nilikuwa nafunga sanduku langu mdogo wako aliponipigia simu, na hakuweza kusema chochote zaidi ya kuniita, "Mama. Mama. Mama." Nikamwambia, "Sema." Akaniita tena. Nikajua.

Tukakuzika. Mwezi wa tano kamati ya uchunguzi ikaniita.

Kilikuwa chumba cha kawaida, meza ndefu, feni iliyokuwa ikipiga kelele, maofisa watatu. Walikuwa wamechimbua karatasi ya mzigo kutoka kwenye tope. Mistari thelathini na mmoja, majeruhi na uzito wao. Kisha mstari wa mwisho: Mifuko 22. Na kwenye safu ya uzito, badala ya namba, neno moja limepigiwa mstari mara mbili: Haikupimwa.

Mifuko waliyoiokota waliipima. Kilo mia sita na kumi. Askari hafi na nguo tupu. Humo mlikuwa na risasi, vyuma vya redio, nyundo, sufuria. Ndiyo iliyovuta mkia.

Karatasi haikuwa na saini. Ingeweza kuandikwa na wewe au na karani wa uwanja ule wa mbele, na karani alikuwa ameuawa wiki mbili baada yako. Kama ni yake, kosa ni la uwanja, na jina lako linatoka safi. Kama ni yako, ulijua kwamba mzigo haujapimwa na ukaupakia. Walitaka mtu anayeujua mwandiko wako. Mkeo walimwita kabla yangu, akasema hana hakika.

Mjomba wako alinisindikiza mpaka mlangoni. Njia nzima alikuwa akinisemesha kwa sauti ya chini.

"Dada, sikiliza. Hawakuombi uongo. Sema hujui. Karatasi imelowa, miwani yako ya zamani, mama ana majonzi. Nani atakubishia?"

"Na karani je?"

"Karani ameshakufa."

"Na wangu pia ameshakufa. Yule hana mama?"

"Hatujui kama anaye."

"Mtu asiye na mama hajapatikana bado, kaka. Fungua mlango."

Nilikaa. Wakanisogezea karatasi. Sikuhitaji miwani. Neno lile, "Haikupimwa", ni langu mimi, Ratili. Ndilo nililokuwa nikiliandika kwa chaki kwenye kila mizani ambayo sijaimaliza, nikalipigia mstari mara mbili, ili asitokee mtu wa kuitumia. Ulikuwa ukifuatana nami ukiwa mtoto, ukinishikia chaki. Nilikufundisha usichopima usikiandikie namba, hata mkubwa wako akikusimamia kichwani. Wenzako wote, rubani aliniambia, katika hali ile wangeandika mia tatu, wakafunga mlango. Mia tatu ingekubalika. Mia tatu ingekuokoa, maana kamati ingesema alidanganywa na waliomkabidhi. Wewe ulikuwa na nusu dakika, mabomu yanaanguka, ukatumia nusu dakika hiyo kuandika ukweli utakaokutia hatiani.

Ofisa wa katikati akaniuliza, "Mama, unautambua?"

Nikasema, "Ni mwandiko wa mwanangu."

Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nimeulizwa swali hilo na wauza nafaka kwa miaka ishirini na sita.

Ripoti ikatoka. Mstari mmoja tu unakuhusu: mzigo wa mkiani haukupimwa, kosa la msimamizi wa mzigo. Magazeti yakauchukua mstari huo. Wiki hiyo hiyo mwanao akarudi kutoka shule bila begi, ana miaka minane, wenzake wamemwambia baba yake aliangusha ndege.

Mkeo akaja kwangu. Hakukaa. Alisimama pale mlangoni, viatu mguuni.

"Mama, ungesema sijui tu. Neno moja. Mimi nililisema. Kwa nini wewe likushinde?"

"Kwa sababu nilijua."

"Kwa hiyo ukweli wako ni mzito kuliko mtoto huyu?"

"Na mtoto wa karani naye arudi shule bila begi?"

"Simjui mtoto wa karani! Namjua wangu!"

Akaondoka. Alikuwa na haki ya kila neno. Miezi mitano hakukanyaga hapa, na mwanao hakuja. Baba yako alikuwa akinyoosha kidole kuelekea kiti cha mjukuu wake, nami nikajifanya anataka maji.

Niseme lililo gumu, maana nisipolisema mimi watalisema wengine, na vibaya. Ulikosea, mwanangu. Uliwaonea huruma watu waliobeba mifuko ya wenzao, na huruma haikuwa kipimo chako cha kazi. Ungewaambia shukeni, wachague. Labda wangeshuka, wakafa pale. Labda wangeiacha mifuko. Hatutajua. Lakini watu wanane walikufa pamoja nawe: muuguzi na majeruhi saba. Nimeziandikia familia zote nane barua kwa mkono wangu. Tatu zimejibu. Moja imejibu kwa neno moja ambalo sitalirudia hapa, na ambalo silikatai.

Nilidhani hayo ndiyo yote. Mwezi wa kumi akaja dereva.

Alikuwa dereva wa lori wa kikosi kile, mmoja wa majeruhi wako, mguu wa kulia umekatwa juu ya goti. Alipanda ngazi zetu kwa magongo, ghorofa tatu, akikataa kushikwa. Alipofika juu akakaa kwenye ngazi ya mwisho, akasema, "Mama, mngehamia chini, wageni wenu wengine hatujakamilika." Nikampenda hapo hapo.

Nilimwambia anywe chai kwanza, asubiri. Nikampigia simu mkeo. Hakupokea. Nikampigia tena. Nikamwandikia ujumbe: "Kuna mtu alikuwa ndani ya ndege. Sijamuuliza kitu. Njoo usikie pamoja nami, au usije." Baada ya saa moja akaingia, akasimama palepale mlangoni, viatu mguuni. Dereva akaanza.

Alisema mlikuwa mmekaribia, wanaona paa za mji, wakaanza kushangilia. Ndipo rubani akasikika akikuita, kwamba mkia unamshinda, pua haishuki. Ukasimama. Uso wako, alisema, ulibadilika mara moja, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Hukumlaumu mtu. Ukapaza sauti, wote wakakusikia:

"Jamani, nimekosea mzigo! Mwenye miguu aende mbele! Asiye na miguu atambae! Asiye na mikono aume nguo ya mwenzake, avutwe! Twende, twende, mnangoja mualikwe?"

"Tulicheka, mama," dereva alisema. "Ndege inaanguka, na sisi tunacheka, tunatambaa. Alinishika kwa mkanda akanirusha kama gunia. Nilimtukana. Akasema, nitukane ukiwa mbele."

Wewe na muuguzi mkaanza kubeba machela. Mliwahamisha watu kumi na sita kutoka nyuma. Kila mliyemsogeza alitoka hai. Pua ikaanza kushuka. Rubani anasema aliisikia ikishuka mikononi mwake. Ilibaki kidogo. Mlikuwa mmerudi kuchukua machela ya kumi na saba mkia ulipogonga na kukatika.

Hilo halimo kwenye ripoti. Kamati iliuliza sababu ya ajali, na wewe ndiye sababu. Haikuuliza sababu ya watu ishirini na saba kutoka hai.

Dereva alimaliza, akawa anatazama kikombe chake. Nilimgeukia mkeo. Alikuwa amevua viatu. Alikuja akakaa, si karibu yangu, upande wa pili wa meza, akamuuliza dereva jambo moja: "Alisema kwa mdomo wake, nimekosea?"

"Alisema, shemeji. Kwa sauti."

Mkeo akainamisha kichwa juu ya meza, akalia kwa mara ya kwanza mbele yangu tangu mazishi. Sikumgusa. Nisingejua pa kumgusa. Dereva ndiye aliyemsogezea leso, na baadaye akaniambia kwa sauti ya kunong'ona, "Mama, nimekuja kuleta habari njema, nimeharibu." Nikamwambia hapana. Nikamwambia ale mkate.

Tangu hapo mwanao huja Jumamosi. Wiki ya pili aliniuliza kama ni kweli ulikosea. Nikamwambia ni kweli, kisha nikamweleza la machela, namba zote, kumi na sita na ya kumi na saba. Akaniuliza, "Kwa nini hakukimbilia mbele na yeye?" Nilimwambia aende akakae na babu yake. Alikwenda.

Sina faraja ya kukuandikia. Vita havijaisha. Mahali pako ndegeni ameshawekwa kijana mwingine, na mama yake simjui, ila namwombea awe amemfundisha kupima. Nyumba ni kimya. Nikiingia dukani bado naangalia kama mizani imelala upande, kisha natafuta mtu wa kumwambia.

Kabla ya tangazo hili kupelekwa gazetini nilimpa kila mmoja alisome. Mjomba wako alisema limezidi maneno na limepungukiwa aibu, nikamwambia asaini. Baba yako alisomewa na mdogo wako, akaweka kiganja juu ya karatasi, hakukitoa mpaka uji ulipoletwa. Mkeo alilipeleka nyumbani, akakaa nalo siku nne. Alipolirudisha hakuwa amefuta hata neno moja. Nilimuuliza kama nimtaje.

"Andika nipo," akasema. "Usiandike nimekubali."

Naandika kama alivyosema.

Wanaokukumbuka: baba yako, mdogo wako, mjomba wako, dereva, aliyeomba awemo, mwanao, mimi mama yako, na mkeo, ambaye yupo.

Maadamu tupo, Ratili, hatutakusahau.